Chuma Nacho Huchoka

Watu wengi watashangaa nikinena kwamba chuma huchoka. Mti huliwa na mchwa, kamba huoza. Lakini chuma twadhani kwamba kikiweza kuchukua mzigo jana, kitauchukua na leo, na mwakani pia. Sivyo. Twaa kipande cha waya, ukivute kwa mikono miwili; hakikatiki. Kisha ukipinde huku na huku mara nyingi, nacho kitakatika hata mikononi mwa mtoto.

Jambo hili lilijulikana kwa machozi. Tarehe 8 Mei, 1842, gari la moshi lilikuwa likirudi Paris kutoka Versailles, katika nchi ya Ufaransa. Ekseli ya injini ya mbele ikavunjika, mabehewa yakapandana, moto ukawaka; na milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Watu zaidi ya 50 wakafa. Wengi walidhani mtikiso umekigeuza chuma kuwa chembechembe ndani. William Rankine wa Scotland alipochunguza ekseli zilizovunjika, akaona kwamba ufa huanzia juu, penye pembe kali, ukaingia ndani kidogo kidogo.

Ndege nazo vivyo hivyo. Ndege za Comet, zilizoanza kuchukua abiria toka London hata Johannesburg mwaka 1952, zikitua Entebbe njiani, mbili zilipasuka angani mwaka 1954, watu 56 wakafa. Kila safari mwili wa ndege hujazwa hewa, kisha hulegezwa. Waingereza wakatia Comet nyingine katika tangi la maji, wakaijaza na kuilegeza tena na tena hata ikapasuka. Jumla ya safari zake, za angani na za tangini, ilikuwa 3,057 tu.

Shuleni kwetu palikuwa na mkokoteni wa maji. Siku moja ekseli yake ilikatika, naye kijana aliyeusukuma alikuwa amepakia madebe mawili tu. Mzee mmoja wa kamati akanena, "Aliyekuwa nao ndiye aliyeuvunja, baba yake alipe." Mbuzi wa baba yule walikuwa watatu. Nalikitwaa kile kipande, nikamwonyesha mzee. Sehemu kubwa ya uso wake ilikuwa laini, nyeusi kwa kutu, yenye mistari iliyopinda kama ile iachwayo mchangani maji yakipwa. Ukingo mdogo tu uling'aa, nao ulikuwa wa kukwaruza. Palipong'aa ndipo palipokatika siku ile; penye kutu palikwisha kupasuka zamani, wakati wa wale waliopakia madebe kumi na kupita juu ya mawe. Hao hawakuulizwa neno. Mzee alikigeuza-geuza, akasema basi, asilipe. Lakini sidhani kwamba aliridhika.

Ekseli mpya twaipaka mafuta ya taa kila mwezi, twaipangusa ikauke, kisha twaipaka unga wa chaki. Palipo na ufa, mafuta hutoka yakachora mstari juu ya chaki.