Nahodha Asiyeshika Usukani

Kaskazini-magharibi ya mji wa Edinburgh, huko Scotland, bahari imeingia bara ikafanya hori ndefu iitwayo Forth. Juu yake lipo daraja lililofunguliwa mwaka 1964. Tarehe 15 Mei 2023, mabasi yanayojiendesha yalianza kulivuka na abiria wa nauli, katika njia ya maili 14 baina ya Ferrytoll na Edinburgh Park.

Ajabu yake ni kuwa basi hilo lisilohitaji dereva lilikuwa na wafanyakazi wawili. Mmoja aliketi penye usukani bila ya kuugusa ila kwa dharura, kwani ndivyo sheria ilivyotaka. Wa pili alipita baina ya viti, akishughulikia tiketi na kujibu maswali. Abiria wa daladala za Unguja wangelimjua mara moja: huyo ni utingo, ila hakuning'inia mlangoni. Wenyewe walimpa cheo cha nahodha.

Huenda waliteua neno hilo kwa kupendeza tu, lakini limeangukia pahala pake. Chomboni nahodha si lazima ashike usukani. Wa kuushika aweza kuwa mwengine. Nahodha hubeba dhamana ya watu na mali, na kauli ya kutweka au kungoja ni yake. Dereva wa basi hufanya kazi zote mbili kwa mshahara mmoja, na waundaji wa mashine wameiona ile moja tu.

Kamera na rada hupima masafa bila ya kuchoka, na hilo si la kubezwa. Lakini ni nani atakayengoja mpaka kikongwe aketi ndipo gari liondoke? Nani atamsaidia mwenye kiti cha magurudumu pale ubao wa kupandia unapokwama, au kumkabili mlevi wa usiku anayemsumbua msichana? Na moshi ukitokea katikati ya daraja, upepo ukivuma, nani atasema watu watoke, na watokee mlango upi? Mtu aliyeketi mbele ya kioo katika chumba cha mbali ataweza kusema nao, madhali mawasiliano hayajakatika; mkono hawezi kuwapa.

Uingereza ilipitisha Sheria ya Magari Yanayojiendesha mwaka 2024, inayoliweka jukumu la uendeshaji juu ya kampuni iliyoidhinishwa badala ya mtu aliyeketi garini. Ni hatua ya haki. Hata hivyo, kampuni hujibu mahakamani baada ya ajali, ilhali abiria hutaka wa kumjibu papo hapo.

Iko pia hesabu ya fedha. Shabaha ya kumwondoa dereva ni kupunguza gharama za mishahara, na hapo Forth mishahara ilikuwa miwili. Huduma ilisitishwa Februari 2025. Haikusemwa kuwa mashine imeshindwa kuendesha. Sababu iliyotolewa ni kuwa abiria walikuwa wachache.