Koki ya Jikoni

Kwa miaka mitatu koki ya jikoni kwangu, Tabata, ilikuwa ikidondosha maji, nami nikaitegea ndoo. Ikijaa namwagilia maua, najiona hodari wa kubana matumizi. Fundi wa kwanza alikaza kwa spana, akachukua hela yake, akaenda zake. Baada ya wiki matone yakarudi. Alipokuja tena akasema koki imekufa, ninunue mpya. Nikanunua. Haikupita miezi mingi nayo ikaanza.

Ndipo nikajiandikisha masomo ya jioni kwenye chuo kimoja cha ufundi. Nilidhani siku ya kwanza tutashika spana. Kumbe mwalimu, mzee wa enzi za mabomba ya chuma, alitutoa nje mpaka kwenye mita. "Nyumbani kwenu maji mnafungia wapi?" Tukabaki kutazamana. Nyumba ile nimeishi miaka tisa! Usiku huo niliitafuta koki kubwa kwa tochi ya simu, nikaikuta nyuma ya simtanki, imefukiwa na udongo, haizunguki kwa kutu.

Mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto hayakunishinda: mashine ifike digrii 260, bomba la nusu inchi likae sekunde 5, kisha sukuma moja kwa moja bila kuzungusha. (Nilichoma kidole, lakini hiyo ni ada.) Kilichonitesa ni tepu nyeupe, kitu cha bei ya andazi. Kila nikifunga koki, tepu inajikunja na kuvuka kama ganda la kitunguu.

"Dada, unaizungusha kinyume," mwalimu akaniambia. "Mdomo wa bomba ukutazame, halafu fuata saa inavyokwenda. Ukikaza koki, nayo inazidi kujibana."

Jumamosi moja nilifunga maji, nikaifungua ile koki ya jikoni. Ndani, washa ya mpira ilikuwa imelika upande mmoja, na chembe ya mchanga imenasa. Basi. Koki haikuwa imekufa. Hakuna aliyewahi kuifungua. Ile ya zamani, niliyoitupa, huenda nayo ilikuwa nzima.

Ndoo imehamia bafuni, inangoja siku za mgao. Fundi bado namwita choo kikiziba, ila siku hizi anakuta maji nimeshayafunga, na kabla hajakaza koki yoyote namwomba anionyeshe washa.