Sululu ya Mama

Katika mali anayoacha marehemu, vitu vikubwa mara nyingi havina taabu. Nyumba ina hati, ng'ombe wana idadi, na minazi huhesabika. Taabu ipo katika vitu vidogo vya ghalani, ambavyo hakuna ajuaye vyema ni nini, wala ni vya nani.

Baba yetu alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, sisi wanawe tulikusanyika shambani, upande wa Msambweni, kuandika alivyoacha. Nyuma ya magunia ya makumbi tukakuta chombo kilicholiwa na kutu. Kilikuwa na mpini mmoja na makali mawili: huku shoka, huku jembe. Kaka yetu mkubwa alisema ni shoka la meli. Mwanawe, kijana wa chuo, akatazama simu yake, akasema, "Ami, hii ni Pulaski ya Marekani. Wapo wanaozinunua kwa pesa nyingi." Mnunuzi wa vyuma vikuukuu naye alikwishafika na mizani yake, na kwake yeye kila kitu ni kilo tu.

Niliomba kisiandikwe wala kisiuzwe mpaka tukijue.

Tulikisugua taratibu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, kwani anayekimbilia mashine ya kusagia huondoa kutu pamoja na alama. Ilijitokeza nambari 5, nayo ni ratili 5, kiasi cha kilo 2 na robo. Kisha tukatazama umbo. Pulaski imepewa jina la Edward Pulaski, mlinzi wa misitu aliyewaokoa wengi wa watu wake kwa kuwaingiza katika shimo la mgodi, katika moto mkubwa uliounguza Idaho na Montana mwezi wa Agosti 1910. Shoka lake ni pana, shoka kamili la kukatia miti, na jembe lake ni jembamba. Chetu kilikuwa kinyume chake: shoka fupi, jembe pana. Tena mpini wa Pulaski hukazwa kwa kabari kama wa shoka. Mpini wa chetu uliingizwa kwa juu, ukateremka mpaka mwisho wake mnene ukakwama katika tundu, kama ilivyo kwa sululu. Basi kilikuwa ni jamaa ya sululu, ila mahali pa ncha pamewekwa shoka. Kazi yake ni kung'oa visiki: jembe hufukua udongo, shoka hukata mizizi, na mtu hana haja ya kubadilisha chombo.

Jina tulilipata. Likabaki swali la mwenyewe. Mpini ulikuwa umepunguzwa karibu shibiri nzima, na marehemu baba alikuwa mtu mrefu.

Mama alikuwa ndani, katika eda. Nilimpelekea. Alipitisha kiganja juu ya mpini, akasema, "Hii niliinunua mimi, mwanangu, kwa pesa za makuti. Babako alikuwa baharini. Mimi na shangazi yako ndio tuliong'oa visiki vya upande ule wa kisima." Shangazi, aliyekuwa ameketi kando yake, akaongeza kuwa mpini ulikatwa na fundi siku ile ile, kwa kipimo cha mama.

Warithi wote tulikiri, na kukiri kwetu kulitosha. Ndipo dada yetu mdogo akauliza kwa sauti ya chini, "Na cherehani je? Na lile kasha? Na masufuria ya shughuli?" Orodha ilikuwa mikononi mwangu, na vyote hivyo vilikwishaandikwa kuwa ni vya baba, kwa sababu tu vilikuwa katika nyumba yake. Tukarudi kwa mama, tukamuuliza kimoja kimoja. Vilivyokuwa vyake tukavifuta.

Wasomaji wangu, lizingatieni jambo hili. Ndoa haihamishi mali ya mke kuwa ya mume. Mjane mwenye watoto hurithi thumuni ya alichoacha mumewe. Lau sululu ile ingeingizwa katika mirathi, mama angepewa thumuni ya kitu ambacho chote ni chake, na angenyamaza, kama wanavyonyamaza wajane wengi kwa haya na huzuni. Dhuluma ya namna hii haihitaji mtu mbaya. Yatosha watu wema wenye haraka.

Basi tusingoje msiba. Mume na mke wakae jioni moja, waandike kilicho cha huyu na kilicho cha yule, hata kama ni mwiko na kinu, kisha waite mashahidi wawili. Nanyi vijana mnaopewa kazi ya kusafisha ghala, mkikuta chuma msichokijua, waulizeni kwanza akina mama wa nyumba hiyo kabla ya kumwita mwenye mizani.