Bao la Barazani Unguja

Akina mama wenzetu, nani kati yetu hajalilaumu bao kwa kumchelewesha baba watoto hadi chakula kikapoa? Sisi kina mama wa kanisa tulipovuka kwa boti kwenda Unguja, tulisimama penye baraza moja ya Mji Mkongwe tukawatazama wazee wakicheza. Mashimo 32, kete 64, nazo ni mbegu za mkomwe. Kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, akiziingiza moja moja. Huko ndiko kunamua. Zikiisha mkononi, mtaji huanza. Shimo la mraba huitwa nyumba, nalo hulindwa kwa bidii. (Tukacheka: na ya kwao nani anailinda?)

Huko Ghana, katika oware, mbegu zilizoliwa huwekwa kando. Kwenye bao letu hazitoki: ukizila, unazisambaza upande wako, na kesho zinaweza kukugeuka.

Mzee mmoja alitukaribisha, akatufunga upesi. Tulirudi na bao. Sasa mume wa mmoja wetu huchezea kibarazani kwake, na binti yao wa darasa la tano ameshamfunga mara mbili. Chakula bado kinapoa.