Usiku wa Kenneth, Mikindani

Watu wa Songea wakisikia niliwahi kuishi chomboni hucheka. Kwetu maji makubwa ni Ziwa Nyasa, na hata hilo hadi ufike Mbamba Bay. Lakini Aprili 2019 nilikuwa baharia wa jahazi huko Mtwara. Nilikula humo na kulala humo, na nguo zangu zote zilinuka sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mbao. Wenzangu waliniita Mngoni, na utani wao haukuwa na Jumapili.

Kimbunga Idai kilikuwa kimeivunja Beira, Msumbiji, katikati ya Machi, kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kimbunga kingine, Kenneth, hakuna aliyepuuza. Kilikuwa kinapita kaskazini mwa Komoro kuja upande wetu, na mikoa iliyotajwa ilikuwa Mtwara, Lindi na Ruvuma. Shule zikafungwa, na waliokaa mabondeni na ufukweni wakaambiwa wahame.

Nahodha wetu, mzee wa Kilwa, hakungoja kuambiwa mara mbili. Alituingiza Mikindani, ghuba yenye mlango mwembamba na mikoko pembeni, ambayo vyombo vilikuwa vikijificha humo zamani, hata kabla Livingstone hajapita hapo mwaka 1866 kuelekea bara. Tulisogea na maji yalipojaa hadi omo ikakaribia mikoko. Tukateremsha foromali, tukaliviringisha tanga na kulifunga sitahani, maana hata tanga lililokunjwa hushika upepo. Nanga mbili zikaenda shetri, upande wa bahari, kila moja na amari ndefu. Kutoka omo tulifunga kamba kwenye mashina ya mikoko, chini kabisa karibu na mizizi, tukaziachia ulegevu ili chombo kipande na kushuka na maji. Matairi ya lori tukayaning'iniza ubavuni. Upo wa kufulia maji nikaufunga kwa kamba karibu na ngama, usije ukapotea gizani siku unapotakiwa.

Ugomvi ulikuwa wa chumvi. Ngamani mlikuwa na magunia ya chumvi, na mwenye mali akapiga simu akitaka yapakuliwe upesi, yapelekwe ghalani. Nahodha akamjibu kwa upole wote wa watu wa pwani: "Bwana mkubwa, hiyo sasa ni farumi yangu. Ukiitoa, upepo utanibebea jahazi kama kuti." Simu ikakatwa upande wa pili. Tukafunika magunia kwa turubai, basi.

Mama naye alipiga kutoka Songea, ambako nyumba yetu iko chini ya milima ya Matogoro. Na yeye alikuwa kwenye maandalizi: ameanua maharage, amepanda mwenyewe kuweka mawe juu ya bati.

"Mwanangu, toka humo. Panda gari urudi."

"Mama, hata Songea imetajwa."

"Basi ufie kwenu," akasema, kisha akacheka, nami nikacheka. Mto Ruvuma huanzia kwenye milima hiyo hiyo ya Matogoro na kumwagikia baharini mpakani na Msumbiji, kusini mwa pale nilipokuwa. Nilimwambia anitumie salamu kwa njia hiyo.

Alhamisi, Aprili 25, kulipambazuka kimya. Kitu kilichomtuliza nahodha kilikuwa mwezi. Ulikuwa umepevuka Ijumaa Kuu, kwa hiyo tulikuwa tukielekea maji mafu; kimbunga kikikutana na bamvua, alisema, bahari hupanda hadi majumbani. Sote tulikaa tukiangalia mlango wa ghuba. Mmoja akaniuliza kama nimekuja na dawa ya Kinjikitile, yule mganga wa Maji Maji, risasi zigeuke maji na maji yageuke nini?

Upepo ulipokuja ulitokea mgongoni, kutoka bara. Amari zikalegea, kamba za mikoko zikakazana hadi zikalia. Tukatoka kwenye mvua, wawili wakaingia majini kuongeza kamba nyingine kwenye mashina, na mimi nikafua maji. Nahodha akanusa hewa, akasema, "Huyu anapita kusini kwetu." Alikuwa sahihi. Huku kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Aliye kaskazini mwa jicho hupata upepo wa magharibi, unaoyasukuma maji kutoka ufukweni. Aliye kusini hubebeshwa bahari. Upepo wetu ulikuwa mkali kwa vipindi tu. Usingizi haukuja, lakini hakuna kamba iliyokatika.

Asubuhi, siku ya Muungano, vijana wa sokoni walikuwa wameshaanza kukiita kimbunga cha redio. Kicheko hakikudumu. Kenneth kilikuwa kimeingia Cabo Delgado jioni ile kwa upepo wa kilometa zipatazo 220 kwa saa, kisiwa cha Ibo kikabomolewa karibu chote, na waliokufa Msumbiji walizidi 40. Mpaka ule ni wa ramani. Kwa Wamakonde ni ndugu huku na huku. Baharia aliyenitania kuhusu Kinjikitile alikuwa na dada Macomia, huko huko Cabo Delgado. Alishinda amekaa juu ya foromali akipiga namba ileile, na mitandao ya kule ilikuwa imekatika. Alimpata baadaye kabisa, akiwa hai, hana paa.

Chumvi ilipata unyevu kidogo. Mwenye mali alitaka kutukata posho, nahodha akamwambia aje achukue magunia yake mwenyewe, kwa mgongo. Tulilipwa yote.