Herufi Moja Haitoshi

Alama ni tamko la mamlaka. Anayeandika juu ya gunia anatangaza kwamba mali hiyo ina mwenyewe. Anayeandika juu ya ukuta wa mwenzake anatangaza kwamba ukuta huo una msemaji mwingine zaidi ya aliyeujenga. Tumezoea kuijadili siasa ya magazeti na mitandao, tukaisahau siasa ya maandishi mafupi kuliko yote: yale yanayopigwa kwenye mbao, magunia, milango na kuta.

Nilianza kulitafakari jambo hili nilipokuwa Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa Usambara Magharibi, mahali ambapo mtu huziona tambarare za Mkomazi zikiwa zimelala chini ya miguu yake. Huko nilimkuta kijana mwenye printa ya mkononi, isiyozidi ukubwa wa tofali. Aliandika maneno kwenye simu yake, akakipitisha chombo juu ya boksi, na maneno yakabaki pale, yamenyooka kama ya kiwandani. "Mwalimu, hiki kigurudumu ndicho kinachopima mwendo wa mkono," alinieleza. Ndani ya katriji, joto huzalisha kiputo, nacho kiputo husukuma tone la wino kupitia tundu jembamba kuliko unywele. Wino wa kukauka haraka hushika hata kwenye plastiki na bati.

Mama mmoja mkulima wa viazi alitazama, kisha akauliza: "Mwanangu, na kilo nazo inaandika?"

Swali hilo lina uzito kuliko mihadhara mingi. Mazao ya milimani husafiri hadi masoko ya mbali yakiwa na herufi mbili tatu za kalamu ya wino mzito, nazo mara nyingi humtambulisha mfanyabiashara, si mkulima. Lumbesa imepigwa marufuku, lakini marufuku ya karatasini hayamfikii mama anayeuza shambani. Gunia lenye jina la mkulima, tarehe na kilo lingemlazimisha mnunuzi abishane na maandishi, si na unyonge wa mtu. Kweli, wino haupimi. Mizani ndiyo hupima. Printa bila mizani ya haki itachapisha uongo uliopambwa. Hata hivyo, mama yule alikuwa ameuona mlango.

Sasa tuugeukie upande wa dola. Watanzania wanaijua herufi moja kuliko alfabeti nzima: X. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, pamoja na kanuni zake za 2009, ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Hapo zikazaliwa rangi mbili: X nyekundu kwa aliyehesabiwa kuwa mvamizi asiyestahili fidia, na X ya kijani kwa aliyekutwa na mita zilizoongezwa, ambaye anastahili kulipwa. Hatima ya familia ikategemea rangi iliyokuwa kwenye kopo. Ukuta haukueleza kifungu gani cha sheria kimetumika, nani amepima, wala rufaa ipelekwe wapi.

Mwaka 2022, katika operesheni ya anwani za makazi iliyozinduliwa Dodoma mwezi Februari, nyumba zetu zilipewa namba. Hiyo ilikuwa alama ya aina nyingine, kwa kuwa namba ilimwezesha mwananchi kupatikana na kuhudumiwa. Kwa hiyo sipingi kuandikwa. Ninapinga kuandikwa bila kuelezwa.

Wasambaa wanalijua somo hili. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchora matuta mashambani kwa jina la kuhifadhi udongo. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wanazuoni wa wakulima wa Usambara, ameonyesha jinsi watu hao walivyojenga hoja zao wenyewe dhidi ya amri hiyo. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Lakini mkulima aliyeona ardhi yake ikichorwa kwa amri alisoma katika matuta hayo habari ya kunyang'anywa. Mpango ule ulivunjika kabla ya Uhuru.

Ndugu msomaji, hapa ndipo printa ya mkononi inapoondoa udhuru wa zamani. Kwa brashi na kopo la rangi, afisa angeweza kudai kwamba nafasi na muda havikuruhusu zaidi ya herufi moja. Leo sentensi nzima huchapwa kwa sekunde chache. Basi kila alama ya serikali juu ya mali ya raia ibebe mambo manne: ofisi iliyoiweka, tarehe, kifungu cha sheria, na mahali pa kukata rufaa. Pale ukuta unapokuwa mkwaruzo, ibandikwe karatasi iliyochapwa.

Wapo watakaosema kwamba matapeli nao watanunua printa hizo, wachape alama za bandia zinazofanana na za halali. Ni kweli, na ndiyo sababu kubwa zaidi ya kudai maelezo: X haina mwenyewe, hivyo yeyote anaweza kuighushi, alama yenye ofisi na kumbukumbu inaweza kuhakikiwa. Mtumishi wa umma anayesoma haya ana kazi ya kuanza nayo Jumatatu. Mwanafunzi naye, akipita penye X, aulize kwa adabu: nani ameandika, na kwa sheria ipi?