Mkono Chini ya Sikio

Usiku wa kwanza ugenini niliamshwa na sauti ya mtoto: "Baba! Baba, njoo!" Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa kishindo hata nikadhani nimeota. Nikatoka na tochi nikitarajia kumkuta mwenye nyumba, kumbe anayekimbilia bandani ni mkewe. Kwa Ekegusii mama ndiye huitwa baba, na baba mzazi huitwa tata. Nilisimama mvuani kitambo kabla sijaelewa.

Ng'ombe alikuwa anazaa. Tulikuwa kwenye kilima karibu na Ogembo, Kaunti ya Kisii, mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Mama alipiga magoti, akashika miguu miwili ya mbele iliyokwisha kuchomoza, akasubiri. Ng'ombe akisukuma, anavuta. Ng'ombe akipumzika, naye anapumzika. Ndama alipodondoka, binti wa miaka kama 12 alimfuta pua kwa gunia kavu, akampitishia unyasi puani mpaka akapiga chafya. Kulipopambazuka ndama alikuwa ameshanyonya dang'a, na majirani wawili wameshafika mlangoni na "Bwakire" yao, wakiuliza kama ni dume au jike. Jike. Uso wa mama ulikunjuka.

Asubuhi ile nililiona shamba lote bila kugeuza shingo: robo tatu ya ekari. Migomba, mahindi, mistari michache ya chai, na nyasi za nepia zilizopandwa kwenye kingo za matuta ili udongo usiteremke na maji. Mimi nimekulia Kongwa, mkoani Dodoma, ambako mwaka mzuri hutupa mvua ya milimita 500 au 600, na ng'ombe hulazimika kutembea kuyafuata majani. Huku hunyesha zaidi ya milimita 1,500, lakini ng'ombe wawili wa nyumba ile hawajawahi kukanyaga malisho. Malisho huwafuata wao bandani, juu ya vichwa vya watoto, yamefungwa kwa kamba ya mgomba.

Nilidhani masika huwapunguzia kazi, maana nepia huota kama imeambiwa. Sivyo. Nepia changa iliyolowa humvimbisha ng'ombe tumbo, kwa hiyo hukatwa jioni, hutandazwa chini ya paa inyauke, kisha hukatwakatwa kwa panga alfajiri, watoto wakiwa tayari wamevaa sare za shule.

Nilichokitazama kuliko vyote ni mkono wa yule mama. Kila asubuhi, kabla ya kukama, huupitisha chini ya sikio la kila ng'ombe na kupapasa tezi. Mwaka jana walimpoteza mtamba kwa ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Hakuwa ametoka nje hata siku moja. Wanaamini kupe aliingia na majani waliyoyakata kando ya barabara nepia ilipopungua. "Tulimletea ugonjwa sisi wenyewe, kwa mikono hii," mama aliniambia, akanyamaza kidogo. Ndigana kali aghalabu huanzia kwenye tezi hiyo: inavimba, homa inapanda, mwisho pumzi zinakuwa ngumu. Ukiwahi, daktari wa mifugo ana la kufanya.

Siku ya tano nilipanda matatu hadi Keroka, mji ulioketi juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, nikaendelea hadi Borabu, upande wa Nyansiongo. Baridi ya huko huingia mifupani. Haya yalikuwa mashamba ya walowezi. Miaka ya 1960 yakagawiwa familia za Wagusii. Mwenyeji wangu ana ekari 9, na ng'ombe wake sita wanatembea. Nilipowaona wametawanyika kwenye nyasi, migongo inafuka mvuke baada ya mvua, moyo ulinitulia kama niko kwetu.

Mzee huyu hapapasi. Husimama kwenye uzio na kikombe cha chai, akitazama. "Yule," akasema asubuhi moja, akionyesha kwa kidevu ng'ombe aliyesimama mbali na wenzake, masikio yamelegea. Mimi nilikuwa nimeshamwona pia, na nilifurahi kwamba jicho nililopewa na baba yangu bado linafanya kazi. Wavulana walimleta, wakamkagua. Alikuwa na mwiba kwatoni. Jioni ile mzee alinisimulia habari za ebisarate, kambi ambako vijana wa Kigusii waliishi na mifugo na kuilinda dhidi ya wavamizi, kabla Waingereza hawajazivunja mwanzoni mwa karne ya 20. Babu yake alilala huko, mkuki kando.

Kuku hawakunipa la kulinganisha. Kwa nyumba zote mbili vifaranga hulala jikoni karibu na moto, na mchana mama wa nyumba huwafunika kwa tenga akisikia mwewe.

Nilifika milima hii na dharau ya mtu wa mbugani. Ng'ombe wa kufungiwa nilimhesabu mfungwa, na bado naamini mnyama huyu ameumbiwa kutembea. Ila sijawahi kuona watoto wanaomjua ng'ombe kwa ngozi yake, joto lake na pumzi yake kama wale wa Ogembo. Yule mzee ana wana wanne, na ekari 9 zitagawanywa. Kwenye kona ya malisho ameshapanda mistari mitatu ya nepia. Nilimuuliza ni ya nini. "Ya wajukuu," akasema.

Nikirudi nilipitia Ogembo kuaga. Ndama alikuwa na siku 11, anaruka mpaka anagonga mbao. Binti alikuwa ametoka shule, begi bado mgongoni. "Anko, lete mkono," akaniambia, akaushika, akauweka chini ya sikio dogo lenye unyevu. Nikapapasa. Hakukuwa na kitu, ila joto na mapigo ya haraka. Akanitazama usoni kuhakikisha nimesikia, kisha akachukua panga akashuka kwenye nepia, maana mawingu yalikuwa yanakuja.